Moto uliojiwasha wenyewe: tupeane uzoefu

Fundi Mbao: Leo nimeona kijana kakunja tambara lenye mafuta ya kitani, yale ya kupakia mbao, akalitupa kwenye ndoo, moyo ukanilipuka. Yalinikuta. Tulimaliza kupaka meza jioni, matambara tukayarundika kwenye boksi, tukafunga karakana. Hakuna jiko, hakuna sigara, umeme tumezima kwenye swichi kuu. Saa tano usiku naitwa: moshi unatoka chini ya mlango. Nikafungua, na hapo ndipo nilipokosea. Hewa ilipoingia tu, boksi likawaka lote. Randa, misumeno, mbao za mteja, vyote vikateketea mbele ya macho yangu. Nani mwingine yamemkuta?

Msema Kweli: Kuna mtu alikuchomea. Tambara halijiwashi.

Mwalimu wa Kemia: Linajiwasha, ndugu. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Yanakauka kwa kushika oksijeni, na kushika huko kunatoa joto. Tambara likitandazwa joto linapotea. Likikunjwa joto linabaki humo, linazidi kuharakisha kazi ileile. Saa chache zinatosha.

Msema Kweli: Mimi narundika ya oili ya injini mwaka wa kumi sasa. Mbona hayawaki?

Mwalimu wa Kemia: Oili hiyo ni ya madini, haikauki hivyo. Usifananishe.

Zimamoto Mstaafu: Philadelphia, Marekani, Februari 1991, jengo la One Meridian Plaza, lenye ghorofa 38. Matambara ya mafuta hayohayo yaliachwa ghorofa ya 22. Wazimamoto watatu walikufa. Moto ulikuja kuzuiwa ghorofa ya 30, kwenye vinyunyizio vya maji. Naomba tusibishane juu ya hili.

Mfugaji: Inalillahi. Kwangu yalikuwa majani ya ng'ombe, niliyafunga marobota kabla hayajakauka ndani. Wiki ya tatu ghala likanuka kama sukari inayoungua. Nikaingiza mkono, nikautoa mbio.

Bi Usafi: Si ungeyatoa nje upesi?

Zimamoto Mstaafu: Hapana! Yakishapata joto hilo, ukiyafumua hewa inaingia yanawaka. Ita zimamoto kwanza.

Seremala Mdogo: Sisi matambara tunayaanika mojamoja kwenye kamba, nje.

Bi Usafi: Bora kopo la bati, maji hadi juu, mfuniko.

Msema Kweli: Nimeelewa. Fundi, samahani. Na mbao za mteja?

Fundi Mbao: Nilizilipa. Miezi saba.