Ndugu wa Ngamiani: Jumamosi usiku

Shangazi Mwanaidi: Asalaam aleykum. Rehema, kaka anaendeleaje? Safari ya India ya kupandikizwa ini imefikia wapi? Watu wananiuliza mpaka sina la kujibu.

Rehema: Waaleykum salaam. Shikamoo shangazi. Safari haina tarehe bado. Ila naomba leo tusiongee safari. Kila siku safari, safari, na Baba yupo hapa sebuleni anaishi na leo yake.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Sema.

Rehema: Jana hakulala. Muwasho ulianza saa tano usiku. Ngozi haina upele hata mmoja, unatokea ndani, nyayoni na viganjani. Anajikuna kwa kitana mpaka damu. Nimelowesha taulo maji baridi nikamzungushia miguu, akapata usingizi kidogo, misuli ya mashavu ya miguu ikamkaza, akaamka analia. Baba yangu analia. Kulipokucha ndiyo akalala. Halafu jirani anapita mchana anasema mzee siku hizi kazi kulala tu.

Salim (Muscat): Pole sana dada. Mimi nilijua shida ni maji ya tumboni.

Rehema: Nayo yapo. Wiki iliyopita walimtoa lita 6, wakamtundikia dripu ya albumini, ile protini ya damu. Siku mbili akavaa viatu mwenyewe. Sasa tumbo linajaa tena.

Baba Mdogo: Na ile namba ya MELD?

Rehema: 19. Inaanza 6 mpaka 40, kubwa ndiyo mbaya. Wanapima bilirubini ya nyongo, kreatinini ya figo, damu inavyoganda na sodiamu, ndipo wanajua ini limechoka kiasi gani. Lakini Ba'mdogo, ndani ya hiyo 19 muwasho haumo. Usingizi haumo. Hawajahesabu kwamba miezi miwili hajaswali Ijumaa msikitini.

Shangazi Mwanaidi: Si ni miguu?

Rehema: Si miguu. Ni laktulosi, ile dawa ya maji tamu. Lazima apate choo laini mara mbili tatu kwa siku ili sumu itoke isimpande kichwani. Anaogopa kubanwa katikati ya swala. Mtu aliyeadhini pale miaka yote hiyo! Kaona bora akae ndani.

Baba Mdogo: Mbona hakuniambia? Nyumba ya nyuma ya msikiti ni ya rafiki yangu, choo kiko uani. Ijumaa nakuja kumchukua, tunakaa safu ya mwisho karibu na mlango.

Rehema: Ba'mdogo, umenitoa machozi.

Baba Mdogo: Na mimi nina langu. Mnajua ni mimi nitakayemtolea kipande cha ini, na ni mimi ninayechelewesha. Damu yangu na yake ni O, hapo sawa, ila picha ilionyesha ini langu lina mafuta. Wamesema nipungue kwanza. Nimepungua kilo 5, natembea mpaka Raskazone na kurudi. Kila mtu akiuliza safari, naona ananiuliza mimi.

Rehema: Hakuna anayekudai. Daktari alikwambia mbele yangu, unaweza kukataa hata asubuhi ya upasuaji na hakuna atakayeambiwa sababu. Baba naye anasema hivyohivyo.

Baba Mdogo: Sikatai. Nataka mwenyewe. Ini hukua tena, nimeelezwa, na hatari zake nimeelezwa pia. Naomba tu msinihesabie siku.

Mama Halima: Jamani na mimi niseme. Siku ya hitma nilimtengea shemeji sahani na kikombe chake. Nilisikia homa ya ini inaambukiza. Linanisumbua mpaka leo.

Rehema: Aliona, mama. Hakusema kitu, alikula nusu. Homa ya ini B, hii ya Baba, haipiti kwenye sahani wala kwa kupeana mkono. Ni damu, nyembe za kuchangia, kujamiiana, na mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Wengine wanasema eti ini limeharibiwa na pombe, na Baba hajawahi kuonja. Sisi wakubwa wote twendeni tukapime. Chanjo kwa watoto wachanga nchini imeanza 2002, sisi haikutukuta. Asiye na ugonjwa wala kinga atachanjwa dozi tatu, miezi sita zimeisha.

Mama Halima: Kesho nakuja kula naye. Sinia moja.

Shangazi Mwanaidi: Nilimtengea ng'onda nzuri.

Rehema: Ng'onda hapana shangazi, chumvi ndiyo inavuta maji. Leta samaki mbichi, ndimu na tangawizi vitatosha. Samaki asinyimwe, mayai na maharage pia, misuli imekwisha. Kabla ya kulala nampa uji wa maziwa, ini lake halina akiba ya usiku kucha.

Salim (Muscat): Kuna mtu hapa ana majani ya kusafisha ini.

Rehema: Usitume Salim. Ini hilohilo ndilo litakaloyachuja.

Salim (Muscat): Sawa. Nifanye nini basi? Hela natuma, lakini naona haitoshi.

Rehema: Zamu unamaliza saa ngapi?

Salim (Muscat): Saa sita usiku. Huko saa tano.

Rehema: Saa ya muwasho hiyo. Mpigie. Muongelee mpira, bahari, chochote.

Jumapili asubuhi

Rehema: 📷 Picha

Shangazi Mwanaidi: Daftari la nani hili?

Rehema: La Baba. Kila asubuhi anaandika jina lake kamili na tarehe. Sumu ikianza kupanda, mwandiko huwahi kupinda kabla maneno hayajampotea. Salim alikaa naye kwenye simu mpaka saa sita na robo, nimemsikia anacheka nikiwa jikoni. Lakini tazama leo, herufi za mwisho zimeteremka chini ya mstari. Jana choo mara moja tu. Nimempigia nesi, kasema tuongeze laktulosi, na akianza kuropoka au mikono kupepea tusingoje, tumpeleke.

Shangazi Mwanaidi: Natoka sasa hivi. Usimwache peke yake.

Mama Halima: Mimi nipo mlangoni. Nifungulie.