Binti yangu ana ugonjwa wa von Willebrand aina ya 3: nimruhusu kwenda shule ya bweni?

Mama Mkubwa wa Kihonda
Ndugu zangu, naomba ushauri. Binti yangu ana miaka 13 na amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni iliyo mbali na nyumbani. Tangu utotoni alikuwa akivilia damu kila alipojigonga, na jino lake la kwanza lilipong'oka damu ilitoka kwa siku mbili. Tulizunguka sana hadi alipofikisha miaka 8, ndipo madaktari wa Muhimbili walipotueleza kwamba ana ugonjwa wa von Willebrand, yaani wa damu kutoganda vizuri, tena aina ya 3, ambayo ni nadra na kali kuliko nyingine. Hedhi yake ya kwanza iliendelea kwa siku 11, akalazwa na kuongezewa damu. Baba yake anataka asome shule ya kutwa. Mwenyewe analia, anasema hataki kulelewa kama yai. Je, yupo aliyewahi kuishi bweni akiwa na hali hii?

Baba wa Watatu
Mwanangu ana ugonjwa huohuo, na dawa ya desmopresini ya kupuliza puani inamtosha. Muulize daktari wako habari zake.

Binti wa Likoni
Shikamoo mama, na pole kwa kuuguza. Nina miaka 34, nina aina ya 3 kama binti yako, na nilikaa bweni miaka minne. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu kwa sababu nilificha. Kwetu hedhi haisemwi hadharani, kwa hiyo nilikuwa nikibadilisha taulo kila saa, usiku nikitandika kanga tatu, mpaka siku moja nikaanguka kwenye gwaride la asubuhi kwa upungufu wa damu. Baada ya hapo mama alikuja akazungumza na matroni, na mambo yakabadilika kabisa: vidonge vya asidi ya traneksamiki, vya kupunguza kutokwa na damu, nilivianza damu ilipoonekana tu, bila kusubiri izidi, daktari alinipa vidonge vya homoni vya kupunguza hedhi, na vya madini ya chuma nilivimeza kwa maji, si kwa chai, kwa kuwa chai huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri. Mfundishe binti yako kuhesabu taulo anazotumia kwa siku na kuziandika, maana daktari hawezi kupima neno "nyingi". Mpira wa miguu niliuacha, nikajifunza kuogelea. Leo ninafundisha hisabati, nami nina mtoto mmoja, niliyemzaa hospitalini baada ya daktari wa damu na daktari wa uzazi kupanga pamoja dawa za kugandisha damu za kabla na za baada ya kujifungua.

Muuguzi Mstaafu, Moshi
Mama, kwanza nifafanue suala la desmopresini, kwa heshima ya ndugu aliyetangulia. Dawa hiyo huufanya mwili uachilie protini ya von Willebrand, ile inayosaidia damu igande, iliyohifadhiwa ndani yake, hivyo huwafaa wengi wenye aina ya 1. Mwenye aina ya 3 karibu hana akiba ya kuachilia, naye huhitaji kuwekewa protini yenyewe, ama kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na utegili (sehemu ya majimaji) wa damu, au, pale dawa hiyo inapokosekana, kwa kriopresipiteti, yaani sehemu ya utegili yenye protini za kugandisha damu, kutoka benki ya damu.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1926 na daktari Erik von Willebrand wa Ufini, na msichana aliyemfanya auchunguze alifariki akiwa bado kijana mdogo kwa kutokwa na damu ya hedhi. Sisemi haya kukutisha. Nasema ili hedhi ya mtoto huyu ipangiwe mpango kabla hajafunga sanduku. Matroni ajue kwamba maumivu yake yatulizwe kwa parasetamoli, kamwe si diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, ingawa diklofenaki ndiyo wasichana wengi hupewa tumbo linapouma. Asichomwe sindano ya msuli. Akigonga kichwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anacheka.

Wadogo zake nao wapimwe, kwani aina hii hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, na kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Hakuna mzazi wa kulaumiwa hapo.

Mama Mkubwa wa Kihonda
Ahsanteni sana. Nimemsomea baba yake majibu haya yote, naye amekubali twende sote watatu kuonana na matroni kabla shule haijafunguliwa. Barua ya daktari iandikwe vipi?

Binti wa Likoni
Iwe ukurasa mmoja tu, yenye jina la ugonjwa na aina yake, kundi la damu, dawa zilizokatazwa, na simu ya daktari juu kabisa. Toa nakala tatu: ya ofisi, ya matroni, na ya kukaa ndani ya begi lake siku zote.