Nimnunulie gari gani binti yangu aliye Rukwa? Nina milioni 14

Mama wa Ngamiani
Assalam alaykum, habari za jioni wote. Binti yangu ni muuguzi, amepangiwa kazi mkoa wa Rukwa. Akitoka zamu usiku usafiri wake ni bodaboda, na mimi huku Tanga nakosa usingizi. Nimejikusanyia milioni 14 nimnunulie gari lisilomsumbua. Kuna Toyota IST namba D (herufi za namba yake zinaanza na D) inauzwa hapa Chumbageni, rangi inang'aa kama mpya. Mjomba wake anasema bora RAV4. Nishaurini kama mama yenu, maana likimharibikia njiani mimi simfikii.

Fundi Makorora
Shikamoo mama. Hiyo IST usiilipie kabla fundi hajaingia chini yake. Gari lililolala miaka mingi karibu na bahari linaweza kung'aa juu, chini chumvi imekula mabomba ya breki na sehemu zinazofungiwa shokapu. Na kama rangi ni mpya, uliza imepigwa kwa nini. Injini zake, ya 1.3 na ya 1.5, hazina neno: zinatumia cheni, ukimwaga oili kwa wakati zinadumu.
RAV4 anayoisema mjomba, zile za toleo la pili tunazoziita Kilitime, ziangalie vizuri. Ya 1.8 ina injini isiyo na makuu lakini inavuta mbele tu. Zenye 4WD, yaani zinazovuta magurudumu yote manne, nyingi ni 2.0 ya D4, injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na hiyo inataka mafuta safi na fundi anayeijua kweli. Kwa mtoto aliye mbali, mimi D4 sikushauri.

Mwana Rukwa
Mama, binti anakaa wapi hasa? Tunduma mpaka Sumbawanga mjini ni lami, IST inatamba. Kushuka bonde la Ziwa Rukwa ni habari nyingine: mteremko mkali, kona, mawe, na mvua zikianza Novemba ni utelezi mpaka Aprili.

Mama wa Ngamiani
Nimempigia sasa hivi. Anakaa kulekule bondeni, Muze. Mjini anapanda mara moja moja kufuata mahitaji.

Mwana Rukwa
Basi IST iache, hata yenye 4WD. Itavuta kwenye tope, sawa, ila iko chini, mawe yatapasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Nenda na Suzuki Escudo yenye gia nzito, ile ya 4WD ya mwendo mdogo na nguvu nyingi; ina chesisi ya kweli na imeinuka. Spea zake si nyingi kama za Toyota, lakini Kariakoo zipo, zinapakiwa kwenye basi. Halafu mama, usinunue Tanga. Tafuteni Mbeya au Sumbawanga, binti aliendeshe mwenyewe kabla ya kulipa, na alikague fundi atakayelihudumia baadaye. Akiharibikiwa usiku ni huyo atakayempigia, si fundi wa Makorora.

Fundi Makorora
Naunga mkono, ingawa mteja ananiponyoka. Mwambie binti alipime asubuhi injini ikiwa baridi, muuzaji asiliwashe kwanza. Na akishuka mlima aweke gia ya chini. Asishuke kwa breki tupu, zitachemka zikose kushika.

Dada wa Raskazone
Mama, kadi ya gari isomeke jina la binti tangu siku ya kwanza, kwa TIN yake, namba ya mlipakodi. Namba ya chesisi kwenye kadi ilingane na ya kwenye gari. Akague pia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari kabla hamjalipa, yasije yakawa yenu. Na zile milioni 14 msizimalizie zote kwenye gari: kuna kubadilisha umiliki TRA, bima, tairi nzuri za tope, na oili zote zimwagwe upya.

Mama wa Ngamiani
Mungu awabariki wanangu. Chumbageni sirudi tena. Kesho nampigia tuanze kutafuta Escudo Mbeya. Mwenye kumjua fundi mwaminifu wa Suzuki kule, naomba aniandikie.