Dubwi: hiyo bonasi ya "Laki" ni chambo, na nauli za watoto wetu ndizo zinazoishia humo

Wakuu, salaam kwenu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za mikeka ya kubeti, maana hapa sizungumzii mpira. Nazungumzia dubwi, lile boksi la kamari lenye taa, linalomeza sarafu za mia mbili. Mtaani kwetu limewekwa kwenye kibaraza cha duka, hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwangu.

Alhamisi iliyopita mtoto wa dada yangu, ambaye naishi naye na yuko darasa la sita, alifika nyumbani saa moja na nusu usiku. Kwa miguu. Vumbi limepanda mpaka juu ya soksi. Nikamuuliza kama makonda walimkatalia, maana tunawajua makonda wetu na wanafunzi. Akasema hapana. Nikamuuliza nauli iko wapi. Akaanza kulia.

Nauli ya mwanafunzi hapa Dar ni shilingi 200. Sarafu moja, ile yenye Mzee Karume upande mmoja na simba wawili upande wa pili. Dubwi nalo linataka sarafu hiyohiyo. Kwa hiyo asubuhi, kabla hajapanda daladala, alitumbukiza ile ya kurudia. Alikuwa anaisubiri Laki, ndivyo alivyoniambia: "Mjomba, ilikuwa imekaribia." Laki ni vile viboksi viwili vya bonasi vilivyo kwenye duara la taa, vimeandikwa kwa Kizungu neno la bahati, watoto wanalitamka hivyo. Kwa Kiswahili laki ni shilingi elfu mia moja. Sijui mtoto anaposema "naisubiri Laki" anasikia lipi kati ya hayo mawili.

Nikamuuliza amejuaje kwamba imekaribia. Akaenda kuleta daftari lake la Hisabati. Kurasa za nyuma, kuanzia mwisho kurudi katikati, zimejaa herufi kwa penseli: E, E, C, e, K, E, t, M. Herufi kubwa ni tunda kubwa, herufi ndogo ni tunda dogo. E ni epo, C chungwa, M embe, K kengele, T tikiti. Laki ameizungushia duara. Alikuwa anasimama nyuma ya watu wazima wanaocheza, anaandika taa imesimama wapi, ili agundue Laki inakuja baada ya mizunguko mingapi. Mizunguko 212, wakuu. Mwalimu wake angempa vema kwa uvumilivu ule kama ungekuwa kwenye kurasa za mbele.

Nililala na lile daftari. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, mwaka wa tisa sasa, na hasira yangu ilianza upya nilipolisoma vizuri.

Kwa wasiolijua dubwi: kwenye kioo kuna viboksi 24 vilivyopangwa kuzunguka, taa inakimbia inasimama kwenye kimoja. Chini kuna vitufe vinane: epo, chungwa, embe, kengele, tikiti, nyota, 77 na BAR. Unabonyeza tunda unalolitaka, kila ukibonyeza ni pointi moja, yaani sarafu moja. Hilo ndilo dau lako, na unaweza kuendelea kulipandisha kwa kubonyeza tena na tena. Taa ikisimama kwenye tunda ulilobonyeza unalipwa kama ilivyoandikwa: kwenye hili la kwetu epo ni mara 5, chungwa 10, embe 15, kengele 20, tikiti 20, nyota 30, 77 ni 40, BAR moja 50 na nyingine 120. Matunda madogo yote ni mara 2.

Sasa hesabuni viboksi pamoja nami. Epo 4. Chungwa 2, embe 2, kengele 2. Tikiti 1, nyota 1, 77 moja. BAR 2. Madogo 7. Laki 2. Jumla 24. Ukifunika matunda yote manane kwa sarafu moja moja, kila mzunguko unakugharimu 1,600. Taa ingekuwa inasimama popote kwa haki, ukizungusha mara 24 ungetoa sarafu 192, ambazo ni 38,400. Na ukijumlisha malipo ya viboksi vyote, Laki ukiiacha sifuri kabisa, unapata sarafu 384. Ni 76,800. Mara mbili kamili!

Kuna mfanyabiashara gani duniani anaweka boksi barazani linalorudisha mara mbili ya alichokula? Hayupo. Maana yake viboksi havilingani. Kioo kinakuonyesha BAR mbili kati ya 24, ndani ya bodi, ile sakiti inayoendesha mashine, BAR haina nafasi hiyo hata kidogo. Na daftari la mtoto linasema hivyohivyo: kwa mizunguko 212 kila kiboksi kingeangukiwa mara nane au tisa hivi. BAR ya 120 imeangukiwa mara sifuri. Ile ya 50 mara moja. Epo na wale wadogo wamejaza kurasa.

Ujanja huu si mpya, una hati miliki ya uvumbuzi (patent). Mwaka 1984 mhandisi wa Kinorwe, Inge Telnaes, alipewa hati miliki Marekani ya mfumo ambao picha unazoziona zikizunguka si ndizo zinazoamua. Kompyuta inachagua namba, na namba nyingi zinapelekwa kwenye picha za kukosa, chache mno kwenye picha ya zawadi kubwa. Jicho linaona uwezekano mmoja, mashine inafuata mwingine. Mabodi kama ya dubwi nimewahi kufungua mawili yaliyoletwa kwangu yameungua umeme. Ndani kuna safu ya swichi ndogo kama punje za mchele, zinasukumwa kwa ncha ya bisibisi, na kwa swichi hizo mwenye mashine anapanga irudishe asilimia ngapi. Anayetumbukiza sarafu haambiwi imepangwa ngapi. Konda hawezi kukutoza nauli bila kukuambia kiasi, lakini hili boksi linaweza.

Nije kwenye Laki yenyewe, maana hapo ndipo roho inaponiuma. Taa ikisimama Laki, muziki unabadilika, taa zinaanza kurukaruka zenyewe na kugusa matunda matatu, manne, wakati mwingine zaidi. Wakati mwingine zinazima tu, wanasema "Laki imemeza". Lakini sikilizeni sharti lake: inakulipa matunda uliyoyabonyeza peke yake. Umebonyeza epo tu, Laki ikagusa nyota na kengele, hupati kitu, unatazama pesa ikipita mbele ya uso wako huku waliokuzunguka wanapiga kelele. Ukishaumizwa hivyo mara moja unafanyaje? Mzunguko unaofuata unafunika yote manane. Aliyekuja na dau la 200 sasa anacheza 1,600, na anaamini ameamua mwenyewe. Bonasi haikuwekwa pale ikupe pesa. Imewekwa ikupandishe dau.

Na ukishafunika yote manane, mashine haiachi kukushangilia. Epo ikiwaka, umetoa sarafu nane, zinarudi tano. Umepoteza 600, dubwi linapiga wimbo na tarakimu zinapanda. Tunda dogo likiwaka zinarudi mbili, umepoteza 1,200, wimbo uleule. Viboksi 11 kati ya 24 ni vya namna hiyo. Uingereza waliliona hili kwenye mashine za mtandaoni wakalipiga marufuku tarehe 31 Oktoba 2021: mchezo usipige shangwe yoyote iwapo kilichorudi hakizidi dau ulilotoa. Siku hiyohiyo wakapiga marufuku mashine kujizungusha yenyewe, na kila mzunguko ukatakiwa uchukue angalau sekunde 2.5. Miaka miwili kabla, Aprili 2019, walikuwa wameshashusha dau la juu la mashine zilizopo kwenye maduka yao ya kamari kutoka pauni 100 hadi pauni 2. Mashine zao zinatakiwa zionyeshe asilimia zinazorudisha. Nevada, jimbo la Marekani ambako Las Vegas ipo, mashine haiwezi kupangwa chini ya asilimia 75. New Jersey, jimbo jingine la huko, ni 83. Hao ni watu wanaoishi kwa kamari, na bado wameweka sakafu.

Kuna na ile "kubwa-ndogo". Umeshinda sarafu zako tano za epo, mashine inakuuliza kama unataka kuzidisha: namba itoke 1 mpaka 7 ni ndogo, 8 mpaka 14 ni kubwa. Ukipatia zinakuwa kumi, ukikosea zote zimekwenda. Vijana wanataka wafike 160. Kufika huko lazima upatie mara tano mfululizo, na hata kama ingekuwa haki kabisa hiyo ni nafasi moja kati ya 32. Narudia, kama ingekuwa haki. Aliyepanga ile bodi ndiye aliyepanga na hii. Jumapili nilimwona kijana wa bodaboda ana sarafu 80 kwenye kioo, yaani 16,000, hesabu ya bosi wake na chakula cha watoto. Akabonyeza kubwa. Ikatoka 3. Hakusema neno, alichukua helmeti yake juu ya boksi akaondoka, na aliyefuata akasogea haraka akisema "sasa imeshiba, itatema".

Haishibi! Bodi haina tumbo. Kupoteza kwa wa kwanza hakumpi wa pili ahadi yoyote.

Nilikwenda kwa mwenye duka, mtu tunayesalimiana kila siku. Akaniambia, "Kaka, mashine si yangu, mimi napewa asilimia yangu tu kwa kuweka hapa." Nikamwambia sheria inakataza aliye chini ya miaka 18, na wewe unamwona mtoto amevaa sare ya shule. Akasema yeye yuko ndani anauza unga, hawezi kulinda kibaraza. Lakini chenji ya sarafu anawatolea yeye, kupitia nondo za dirisha! Mtoto anampa noti ya 1,000, anamhesabia sarafu tano, na anajua zinakwenda wapi.

Wenye mashine wanakuja Jumamosi, vijana wawili na pikipiki, wana ufunguo na mfuko wa salfeti. Nilipowauliza imepangwa asilimia ngapi, mmoja akacheka, akanionyesha stika ya leseni. Sikuuliza leseni. Niliuliza asilimia.

Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha tangu 2003 na tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa sheria hiyo. Naomba mambo ambayo hayahitaji fedha za wafadhili. Kila dubwi liandikwe mbele, kwa Kiswahili na kwa herufi za kuonekana, linarudisha shilingi ngapi katika kila 100. Lisikae kwenye kibaraza cha duka ambako watoto wanatumwa chumvi. Shangwe ya epo kwa aliyetoa nane ikome. Na dau liwe na kikomo, siyo mtu anabonyeza mpaka kidole kinachoka.

NYONGEZA: Mkuu mmoja hapo chini anauliza basi dau lipi ni zuri, dogo au la kufunika yote. Mkuu, dau halibadilishi asilimia ya mashine, linabadilisha kasi ya kukumaliza. Tuseme, kwa mfano tu, imepangwa irudishe 80 kwa 100, na unazungusha mara sita kwa dakika. Nusu saa ni mizunguko 180. Kwa 200 utaacha humo kama 7,200. Kwa 1,600 utaacha 57,600. Zipo siku utatoka na faida na zipo utakazomaliza zote ndani ya dakika tano, ila ukirudi kila siku unakuja kwenye hesabu hiyo.

Na wewe uliyeandika kwamba nimchape mtoto niache kulaumu boksi: sikumchapa. Mtoto aliyeandika mizunguko 212 kwa mkono hana tatizo la akili wala la nidhamu. Alikuwa anatafuta kanuni mahali ambapo mtu mzima ameificha kwa makusudi. Tulikaa naye Ijumaa usiku tukajumlisha viboksi vyote 24. Alipofika 384 akarudia kujumlisha mara tatu akidhani amekosea, kisha akaniuliza, "Sasa mjomba, zile nyingine zinakwenda wapi?"

Jumamosi wanakuja kufungua boksi. Nitakuwa pale kibarazani na daftari, na wazazi wengine watano wa mtaa wameshasema watakuja. Aliyeko Dar na ana dubwi mlangoni kwake, hesabu viboksi vya la kwako uweke hapa tulinganishe.