ChatGPT kwenye tasnifu: naitaja wapi?

Mwana wa Newala: Wakuu, nipo Mtwara namalizia tasnifu ya uzamili kuhusu stakabadhi ghalani za korosho. Madodoso nimezunguka nayo mwenyewe Newala na Tandahimba, wazee wengine wakijibu kwa Kimakonde. ChatGPT imeninyooshea Kiingereza cha sura ya pili na kunifupishia makala kadhaa. Msimamizi kasema tu, "Itaje." Wapi sasa, kwenye marejeo?

Shangani: Anza na mwongozo wa chuo chako, ndio unaokubana. Kwa APA, ule mtindo wa kuandika marejeo, mwandishi ni OpenAI, kampuni inayoitengeneza, kisha mwaka, jina la programu, toleo na kiungo. Kwenye sura ya mbinu eleza uliitumia kufanya nini. Mazungumzo yenyewe yaweke kiambatisho. Kuifanya mwandishi mwenza, hapana. COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, walishakataa tangu 2023, maana haiwezi kuwajibika.

Kijana wa Lindi: Na makala zenyewe umezifungua, mkuu? Hiyo kitu hutunga marejeo yasiyokuwepo, na jarida na kurasa inakupachikia. Mtahini akitafuta moja akaikosa, utajieleza nini?

Mwana wa Newala: Nimezifungua, bado mbili sizioni popote. Nazitoa. Ila majibu ya wakulima sikuyaingiza humo, niliwaahidi usiri.

Shangani: Hilo nalo liandike.