Mtoto alikuwa darasa la tano, hapa Kampala wamemrudisha P2 (darasa la pili), nifanyeje?

Ndugu zangu habari za leo, naomba ushauri. Dada yangu alitoka Goma, Kongo, na watoto watatu baada ya waasi wa M23 kuuchukua mji Januari 2025, sasa tuko wote hapa Kampala. Mkubwa ana miaka 11, kule alisoma kwa Kifaransa na alifika darasa la tano, hapa wamemuweka P2 sababu ya Kiingereza, anakaa na vitoto vya miaka 7 vinamcheka na sasa shule hataki hata kuisikia. Usiku boda ikipiga mlio anaingia chini ya kitanda. Nimeongea na mwalimu, nimelipia tuisheni mwezi mzima, hesabu anawashinda wote (huyu si mjinga jamani) ila mdomo hafungui.

Mliopitia haya, nimtoe kwanza asome Kiingereza tu au avumilie hukohuko? Na huo woga wa usiku mlifanyaje?