Vitabu vya Bwana Msa: kipi cha kwanza, kipi cha mwisho?

Mlandege
Assalaam alaykum. Mwezi mzima huu nimekaa na Bwana Msa, yule mpelelezi wa hadithi za Unguja. Nimevirudia vyote saba vya Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) mpaka Kosa la Bwana Msa (1984), na kila kimoja nimekipa alama kwa 10. Najua kuna watakaonitoa roho.

Duniani Kuna Watu (1973), 9. Kisima cha Giningi (1968), 8. Mzimu, 7. Mwana wa Yungi Hulewa (1976), nacho 7. Siri ya Sifuri (1974) na Mke Mmoja Waume Watatu (1975), 6 kila kimoja. Kosa la Bwana Msa, 5, na hiyo 5 ni kwa heshima ya mzee.

Mzimu kila mtu anauweka juu kwa sababu ndio uliofungua njia. Haya, lakini hadithi ya upelelezi mtihani wake ni mara ya pili. Muuaji ushamjua, unabaki na nini? Kwenye Mzimu tajiri anakutwa ameuawa mzimuni na mji mzima unaamini ni kazi ya mizimu. Bwana Msa anatia tumbaku kwenye kiko, anauliza nani alikuwa wapi. Mara ya kwanza nywele zinasimama. Mara ya pili ile hofu haipo tena, na nusu ya kitabu imeondoka nayo. Duniani Kuna Watu ni kinyume chake. Fumbo lenyewe ni la nasaba, nani damu ya nani. Ukishalijua ukarudi mwanzo, kila salamu inayotolewa mle ndani ina maana ya pili. Nilijikuta nasoma polepole zaidi kuliko mara ya kwanza.

Nataka kusikia zenu. Na jengine: msinitajie Willy Gamba hapa, yule jasusi wa riwaya za bara. Ule si upelelezi, ni bunduki na warembo, na Kiswahili chake cha stendi ya basi.

Tabora Njia Panda
Mkuu, nilikuwa nakusoma kwa raha kabisa mpaka mstari wa mwisho. Kiswahili cha stendi?

Mimi nyumbani tulikuwa tunasema Kinyamwezi. Kiswahili kilikuwa cha shule na fimbo. Kitabu cha kwanza kunifanya nisome bila kulazimishwa ni Kufa na Kupona. Kaka yangu alikifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji ili mama asione picha ya juu. Tulikisoma kwa koroboi, zamu kwa zamu, pua asubuhi nyeusi kwa moshi. Gamba anawasaka wezi wa siri za wapigania uhuru wa kusini, sisi watoto wa darasa la sita tunashangilia kama tuko uwanjani. Hiyo ndiyo unaiita stendi?

Mzimu wenu ulipata ushindi mwaka 1960 kwa sababu wakati huo hakukuwa na mwingine wa kushindana naye.

Kijana wa Sinza
Gamba wa Mtobwa alikuwa hatari sana aisee. Bwana Msa nilijaribu kurasa 20 nikalala.

Bi Rukia wa Tanga
Kijana wa Sinza, mwanangu, Willy Gamba ni wa Elvis Musiba. Wa Ben Mtobwa ni Joram Kiango. Ukikosea hapo, hizo kurasa 20 nazo nina wasiwasi ulizisomaje.

Na Tabora, shindano lile la kuandika hadithi la East African Literature Bureau, aliloshinda Abdulla kwa Mzimu, lilikuwa la 1957/58. Mwaka 1960 ndipo kitabu kilipochapwa. Washindani walikuwapo, alishinda kwa haki.

Alama zangu: Mzimu 9. Mlandege anasema hofu ikiisha kitabu kimeisha. Mimi nimekisomesha, na ninavyokiona, kitabu kimeandikwa ili ile hofu iishe. Bwana Msa hawacheki waliokimbia mzimu. Anakwenda nao mguu kwa mguu mpaka waone wenyewe kuwa kisu kimeshikwa na mkono wa mtu.

Kijana wa Sinza
Shikamoo Bi Rukia. Nimekubali kosa, Musiba. Lakini "jengine" ndiyo nini? Mtu anatukana Kiswahili cha wenzake, chake mwenyewe hajui kusema "jingine".

Mlandege
Jengine, jengine, jengine. Ndivyo alivyosema bibi yangu na bibi yake. Usinifunze kuogelea, kijana, mimi nimezaliwa majini.

Tabora Njia Panda
Kumbe na chenu kina stendi yake. Ya boti.

Mwalimu wa Songea
Naona mnakwenda mbali. Nirudishe swali.

Vitabu 6 kati ya 7 vimetoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Nimevisoma vyote nikiyatafuta hayo Mapinduzi, sijayakuta. Matajiri wana mashamba yao, watumishi wanafungua milango, mabwana wanaitwa mabwana. Mwaka 1973 Unguja haikuwa hiyo. Unapotoa 9 kwa kumi, jambo hili huliwekei uzito wowote? Mpelelezi anayefichua siri za kila ukoo, na siri kubwa kuliko zote za kisiwa haigusi.

Halafu tuwe wakweli, hata hicho kiko ni cha Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, na Najum, rafiki wa Bwana Msa, ndiye Watson wake. Bwana Msa ni Holmes aliyehamia Unguja.

Muscat 77
Mwalimu, na heshima zako zote, hilo la mwisho nalikataa. Nimelisikia tangu nikiwa mdogo na kila mara linasemwa na mtu anayetaka kutuonesha kuwa chetu si chetu.

Mzee wetu alikuja huku Muscat na sanduku moja, na ndani mlikuwa na Kisima cha Giningi. Nimekisoma nikiwa sijawahi kuiona Unguja. Njia za kwao, namna mtu anavyobisha hodi, namna anavyosema "karibu" huku moyo hautaki, yote nimeyajulia mle. Nilipofika mwenyewe mara ya kwanza, nimekaa kwenye baraza ya ami yangu, nikawa nawasikia watu wa kitabuni wakisema. Holmes angenipa hayo?

Holmes anasoma tope la kiatu na jivu la sigara. Bwana Msa anasoma maneno. Anamwacha mtu aseme, aseme tena, mpaka neno la leo likataane na la jana. Huo ni upelelezi wa baraza.

Likoni Feri
Muscat 77, umesema nilichotaka kusema. Na ongeza hili: Abdulla kabla ya magazeti alikuwa mkaguzi wa Idara ya Afya, kama miaka 10, mpaka 1948 alipoingia uhariri. Hebu mfikirieni mtu aliyelipwa miaka 10 kuingia nyuani kwa watu na kuuliza maswali. Anajua nyumba ipi ina chumba kisichofunguliwa, nani husema "hayupo" kabla hujamaliza kuuliza. Huyo hakuhitaji kuazima macho London. Kiko sawa, kiazimwe. Macho ni yake.

Nami nina kisa changu. Kisima cha Giningi tulichokuwa nacho nyumbani kilikuwa hakina kurasa za mwisho. Mchwa waliingia kabatini wakala kuanzia nyuma, kona ile ya chini ikabaki kama biskuti iliyong'atwa. Nimekisoma mara 3 utotoni bila kujua mwisho. Tukakaa ndugu wanne, kila mmoja na mtuhumiwa wake, tukigombana kwa ushahidi. Dada yangu aliandika mwisho wake mwenyewe kwenye daftari la hesabu. Nilipopata nakala nzima nilikuwa na mke na watoto. Nikagundua wote wanne tulikosea, na dada alikuwa amekaribia zaidi. Nilimpigia simu usiku ule ule.

Kwangu Kisima 10. Mlandege, huwezi kutuambia mtihani ni kusoma mara ya pili. Mimi nimekisoma mara 3 kabla ya mara ya kwanza kwisha.

Mlandege
Likoni, Allah akuhifadhi. Hilo la daftari limenigusa.

Kijana wa Sinza
Giningi ni wapi hasa? Nikiuliza natukanwa?

Bi Rukia wa Tanga
Hutukanwi. Giningi, kwa imani za Unguja, ndiko wachawi wanakokutana. Mtoto akichelewa kurudi nyumbani alitishiwa Giningi. Kwa hiyo jina lile juu ya kitabu kwa msomaji wa kule lilikuwa tayari ni kelele. Ndiyo kazi yake Abdulla, anakukamata kwa jambo unaloliogopa, halafu anakuuliza una ushahidi gani.

Na hili la jengine na jingine liacheni. Kiswahili sanifu chenyewe kimetoka Kiunguja. Walikaa mkutano wa 1928 wakakichagua, basi.

Likoni Feri
Bi Rukia, hapo sasa ndipo mnaponichoma. Mkutano ule ulifanyika wapi? Mombasa! Wakaja kwetu, wakakalia viti vyetu, wakaondoka wamechagua Kiunguja. Kimvita kilichokuwa na tenzi na mashairi ya Muyaka bin Haji kikawekwa kando kama mgeni aliyekosea nyumba. Halafu leo mnagombana stendi ya basi na stendi ya boti, mwenye nyumba hamumwoni.

Mlandege
Muyaka hakuna anayemgusa, bwana. Lakini sanifu ni sanifu.

Likoni Feri
Sanifu kwa nani? Na hivyo vitabu vyako, vinne vya miaka ya 70, vilichapwa na nani? East African Publishing House, Nairobi. Nairobi hiyo hiyo mnayosema haijui Kiswahili.

Tabora Njia Panda
Hakuna aliyesema Nairobi haijui.

Likoni Feri
Humu hapana. Lakini nimeambiwa maisha yangu yote.

Muscat 77
Ndugu zangu, mimi hapa nikisema "jengine" na wenzangu wa kazini kutoka bara wakisema "jingine" tunaelewana na tunakula sahani moja. Turudi kwa Bwana Msa. Kwa nini Mlandege ameipa Kosa la Bwana Msa 5?

Mlandege
Kwa sababu ndiyo niliyoisubiri kuliko zote. Jina lenyewe linaahidi kuwa yule asiyekosea atakosea. Nilitaka nimwone amebanwa. Nilipomaliza nikahisi nimenyimwa. Labda hasira ni ya matarajio yangu mwenyewe, lakini alama ni hiyo.

Tabora Njia Panda
Ona sasa. Unataka mpelelezi abanwe. Kwenye Kikosi cha Kisasi Gamba yuko Kinshasa, mji si wake, wenzake wanaanguka, hajui nani rafiki. Kubanwa huko ndiko unakokutamani. Unakutafuta kwenye kitabu cha 1984 na mimi nilikupata kwenye cha 1979. Umekataa kukitazama kwa sababu kina bastola.

Na sisemi Musiba amemzidi Abdulla. Nikitoa alama kwa haki, Mzimu nampa 9 kama Bi Rukia. Nilisoma nikiwa mtu mzima, nikafunga kitabu nikatoka nje nikakaa. Ndiyo maana lile neno liliniuma. Mimi si adui wa kitabu chako.

Mwalimu wa Songea
Nimehesabu. Tumezungumza kiko, mchwa, Muyaka na stendi mbili. Kuhusu 1964 hakuna aliyenijibu hata mmoja.

Muscat 77
Mwalimu, ulituita Holmes.

Mwalimu wa Songea
Nilisema sentensi mbili za Holmes na aya nzima ya Mapinduzi.

Mlandege
Mwalimu, nililiona tangu mwanzo nikaliruka, maana sikuwa na jibu la kuandika kwa haraka. Nakujibu sasa kadiri niwezavyo.

Mzee Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka wa 1918. Mpaka 1968 alikuwa akihariri Mkulima, gazeti la kilimo. Yaliyopita 1964 hayakumpita mbali. Kwetu kuna nyumba ambazo mpaka leo ukitaja mwaka ule mtu anainuka kwenda kutazama chai jikoni. Mimi nimekulia nyumba kama hiyo. Kwa hiyo ninapomsoma anarudi kwenye mashamba ya zamani, kitabu baada ya kitabu, siwezi kusema hakuona. Naona mtu anayezunguka jambo. Duniani Kuna Watu nimekipa 9 kwa hilo hasa: ukoo mzima unajua siri na hausemi, na kazi yote ya Bwana Msa ni kuwafanya waseme. Kama umesoma na ukayatafuta Mapinduzi, mimi kwenye kunyamaza kule ndiko ninakoyasikia. Unaweza kuniambia ninamtungia maneno. Sitabisha sana.

Mwalimu wa Songea
Sikubali, lakini nimejibiwa. Nitakirudia hicho kitabu.

Kijana wa Sinza
Nimeazima Kisima cha Giningi kwa mzee mmoja jirani. Nakala nzima, nimehakikisha kurasa za nyuma kwanza bila kusoma. Nimefika katikati. Naombeni mtu asitaje jina la muuaji humu mpaka wiki ijayo.

Bi Rukia wa Tanga
Umepita kurasa 20?

Kijana wa Sinza
Nimepita, mama. Niliyelala nilikuwa mimi, si kitabu.

Tabora Njia Panda
Mwalimu amejibiwa, kijana ameokoka. Mimi bado nasubiri. Mlandege, Kiswahili cha stendi unafuta au hufuti?

Mlandege
Stendi nimeifuta. Bunduki na warembo inabaki.

Tabora Njia Panda
Haya. Kesho nakuletea Kufa na Kupona sura kwa sura.